King'ora kikilia ovyo, jirani atachoka

MSOMAJI, huenda wewe uko Nairobi nao wazazi wako Litein, na msimu wa bonasi ya majani chai ukikaribia unawaza kuwawekea king'ora cha kushtua wezi. Si wazo baya. Lakini kikilia usiku mara tatu bila sababu, jirani aliyetoka na rungu kwenye baridi ile hatatoka mara ya nne, na huyo jirani ndiye ulinzi wenyewe. Mara nyingi mashine haina kosa. Imetundikwa mahali pabaya.

Kitambuzi cha kawaida hakioni sura wala hakisikii hatua. Huhisi joto linalosonga. Mtu akipita mbele ya ukuta baridi, kinashtuka mara moja. Ndiyo sababu nyanda za juu za Kericho zinakifaa kuliko Mombasa, ambako hewa yenyewe hukaribia joto la mwili.

Basi usikielekeze kwenye jiko la makaa wala dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Kitundike kwenye kona, mita 2 hivi au zaidi kidogo kutoka sakafuni, ambapo anayeingia atakatiza mbele yake. Anayekijia moja kwa moja hutambuliwa kwa shida. Wala usitarajie kimnase mwizi akiwa bado nje ya dirisha, kwani kioo huzuia joto hilo. Na buibui je? Huyo ni msumbufu kuliko paka! Akitambaa juu ya uso wa kitambuzi, huweza kukidanganya kwamba kuna mtu. Pangusa mara kwa mara.

Waya unaotumika huwa na nyuzi nne. Mbili hupeleka umeme wa volti 12 kutoka kisanduku kikuu, na mbili hurudisha habari. Pakiwa shwari, njia ya habari imefungwa. Mtu akipita, inakatika, king'ora kinalia. Hivyo hata anayekata waya hujisaliti. Mjanja zaidi huziunganisha nyuzi hizo mbili ili kisanduku kidhani kila kitu ni salama. Dawa yake ni rezista, kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya kitambuzi chenyewe. Fundi mvivu huifunga kwenye kisanduku, na hapo haizuii ujanja huo. Mwulize ameiweka wapi.

Hakikisha pia kisanduku kina betri, maana mvua ya radi ikinyesha, stima huweza kupotea. Kisha, kabla ya kumlipa fundi, washeni jiko, fungeni mapazia, mmoja wenu apite kila chumba polepole kama mwizi.