Kauri za Unguja katika Nchi ya Benin

Bibi yangu, aliyeishi na kufa Ng'ambo katika mji wa Unguja, alikuwa na kifuko cha ukili alimowekea kete zake, na kila alasiri ya Ramadhani, ili kuusogeza wakati hata adhana ya magharibi, alizimwaga mkekani sisi watoto tukacheza mdako. Hazikuwa komwe kama zile wachezeazo bao wazee barazani, bali kauri khasa za baharini, nyeupe za kupauka, zilizozungushiwa mgongoni pete nyembamba ya manjano kana kwamba kila moja imevishwa dhahabu. Ilinibidi nihamie Hamburg, bandari ya Kijerumani iliyo kando ya mto Elbe, na nikae huko miaka mingi, ndipo nijue kwamba kichezeo kile kiliwahi kuwa fedha katika nchi ambayo hata jina lake hatukulitaja nyumbani.

Kwani katikati ya karne ya 19 nyumba za tijara za mji huu ninaokaa zilipeleka merikebu zao Unguja, si kwa ajili ya karafuu na pembe tu, bali kwa ajili ya kauri. Nyumba ya Hertz ilitangulia, na ile ya O'Swald ikafuata, ikafungua ghala Unguja mwaka 1849, miaka kumi kabla ya Sayyid Majid kufunga mkataba wa biashara na miji ya Hanse. Wanawake na watoto waliziokota maji yakupwapo, zikafukiwa mchangani hata nyama iliyo ndani ikaoza, zikaoshwa na kutiwa magunia, kisha merikebu ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda pwani ya magharibi mpaka Ouidah na Lagos, ambako shehena hiyo ilibadilishwa kwa mafuta ya mawese. Na mawese nayo yakaletwa Hamburg yakageuzwa sabuni na mishumaa.

Kabla ya hapo fedha ya pwani ile ilikuwa kauri ndogo ya visiwa vya Maldivi, ambayo Ibn Battuta, yule yule aliyeteremka Kilwa mwaka 1331, aliiona ikivuliwa visiwani humo, na baadaye akaikuta ikinunuliwa katika dola ya Mali na mji wa Gao, kauri 1,150 kwa dinari moja ya dhahabu. Ya kwetu ilikuwa kubwa kidogo na rahisi mno, na ilipomiminwa huko magunia kwa magunia thamani yake ikaporomoka vibaya. Kauri 40 zilitungwa uzi mmoja, nyuzi 50 zikafanya kichwa kimoja. Basi fikiri, msomaji, ni vichwa vingapi angehitaji mtu kununua ng'ombe, na ni wapagazi wangapi wa kuvibeba. Huenda sisi watu wa Pwani ndio tuliowaharibia fedha yao pasipo kujua. Hata hivi leo Wafon, ambao ndio wengi kusini mwa nchi ile, huiita fedha ya aina yoyote akwɛ, na asili ya neno hilo ni kauri.

Nchi yenyewe leo inaitwa Benin. Ni utepe mwembamba wa ardhi kati ya Togo na Nigeria, wenye pwani ya kilomita 120 au zaidi kidogo, lakini ukiufuata kuelekea kaskazini utakwenda kilomita kama 700 kabla ya kufika mto Niger. Ilipopata uhuru kutoka kwa Wafaransa tarehe 1 Agosti 1960 iliitwa Dahomey, jina la ufalme mmoja tu wa kusini ambao makabila mengine hayakuwa na kumbukumbu njema nao. Kwa hiyo Mathieu Kérékou, mwanajeshi aliyetwaa madaraka mwaka 1972, akalibadilisha mwaka 1975 na kuchukua lile la ghuba inayopakana na nchi. Mabadiliko hayo yaliondoa chuki moja yakaleta utata mwingine, kwa kuwa Benin yenye sanamu mashuhuri za shaba ni mji ulio Nigeria, nao hauhusiani na dola hii. Mji mkuu ni Porto-Novo, walakini serikali, bandari na ghasia zote ziko Cotonou, mji ambao jina lake kwa Kifon ni mdomo wa mto wa mauti, na ambao vijana wake waendeshao pikipiki za abiria, waitwao zemidjan, yaani nichukue upesi, watakukumbusha maana ya jina hilo kila njia panda.

Mtu afikaye kwa mara ya kwanza na aanzie Ouidah, mwendo wa saa moja hivi magharibi ya Cotonou. Humo imo ngome ya Wareno iliyojengwa mwaka 1721, ndogo sana mbele ya Ngome ya Yesu ya Mombasa, ila ina kisa ambacho ngome yetu haina: Wareno waliing'ang'ania, pamoja na kipande cha ardhi kisichozidi shamba la mtu mmoja, hata mwaka 1961, na walipopewa amri ya kuondoka mwakilishi wao aliona bora aitie moto kuliko kuikabidhi. Kutoka mjini hadi ufuoni kuna njia ya kilomita nne iendayo penye Lango la Kutorejea, lililosimamishwa miaka ya 1990. Watu wapatao milioni moja walipakiwa kutoka pwani hii wakapelekwa Brazili, Kuba, Haiti na Marekani. Waongozaji wa wageni watakuonyesha mahali ulipokuwa mti ambao wanaume waliuzunguka mara tisa na wanawake mara saba ili wasahau kwao; wapo wanahistoria wasiousadiki mti huo, nami sikuweza kuusadiki wala kuukana, ila nilimwona mama mmoja kutoka Marekani akipazunguka mahali pale polepole, akihesabu kwa sauti, na sikuthubutu kusema neno. Merikebu ya mwisho inayojulikana kupeleka watumwa Marekani, Clotilda, ilipakia hapa mwaka 1860. Gofu lake lilitambuliwa matopeni huko Alabama mwaka 2019. Na mwaka 2024 Benin ilitunga sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliouzwa.

Aghalabu ajinabi huja Ouidah kwa sababu nyingine, nayo ni Vodun, dini ya wenyeji, ambayo sinema za Kimarekani zimeitia matope hata mtu akisikia jina lake hufikiri sindano na vikaragosi. Kila Januari dini hiyo ina sikukuu yake ya taifa, na mji hujaa ngoma. Lipo hekalu la chatu, na mbele yake, ng'ambo ya uwanja, limesimama kanisa kubwa la Kikatoliki. Chatu hao hawana sumu, na inasemekana usiku wakitoka kutembea jirani huwabeba kwa taadhima akawarudisha. Mimi ni Mwislamu na sikwenda kuabudu, lakini kitu kimoja kilinishika. Mganga wao wa kuagulia, bokonon, husoma alama za Fa, ambazo za asili ni 16, na zikikutanishwa mbili mbili huzaa 256. Mtu aliyekulia Unguja hawezi kuziona alama hizo za kistari kimoja na viwili asikumbuke ramli ya walimu wetu, ambayo nayo ina nyumba 16 na alama 16. Na wataalamu wengi huona kwamba elimu ile iliyopita jangwani kutoka kwa Waarabu na hii iliyosafiri baharini mpaka kwetu zina nasaba moja. Basi yule mzee alinitazama kwa mshangao nilipomwonyesha mchangani alama mbili nilizozikumbuka, akazitaja kwa majina yake mwenyewe.

Mahali ambapo moyo wangu ulibaki, hata hivyo, ni Abomey, kilomita kama 100 kutoka pwani, makao ya wafalme wa Dahomey. Uwanda wa majumba yao, wa hekta 47, uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1985. Usitarajie mawe kama ya Kilwa: ni udongo mwekundu, kuta nene, na juu ya kuta hizo michoro ya kufinyangwa iliyotokeza nje, ambayo ndiyo daftari ya watu wasiokuwa na maandishi. Kila mfalme alikuwa na alama yake: Guézo nyati, Glélé simba, Béhanzin papa. Kiti cha enzi kimojawapo kimekaa juu ya mafuvu manne ya maadui, na mwongozaji atakuambia hivyo bila ya kupunguza sauti. Ufalme huo ulikuwa na fahari na ulikuwa na ukatili. Ulikuwa na jeshi la wanawake, walioitwa mino, yaani mama zetu, ambao wasafiri wa Kizungu waliwastaajabia na Wafaransa wakawaogopa, na sanamu ya mmoja wao, yenye urefu wa mita 30, ilisimamishwa Cotonou mwaka 2022. Lakini ulikuwa pia muuzaji mkubwa wa binadamu, na askari hao hao ndio walioteka vijiji. Sioni faida ya kumficha msomaji jambo hili, ilhali Pwani yetu nayo ina masoko yake ya watumwa ambayo hatukuyajengea lango lolote la kuyakumbuka mpaka wengine walipotutangulia.

Mwaka 1892 Wafaransa, wakiongozwa na Alfred Dodds, mzaliwa wa Saint-Louis ya Senegali mwenye damu ya Kiafrika mwenyewe, waliingia Abomey. Béhanzin aliyatia moto majumba kabla ya kukimbia. Akajisalimisha Januari 1894, akahamishiwa kisiwa cha Martinique, akafa Algiers mwaka 1906, na mifupa yake ikarudishwa baada ya zaidi ya miaka 20. Vitu vilivyonusurika motoni vilichukuliwa Paris. Kutoka katika hivyo, vitu 26, vikiwamo viti vya enzi, milango ya kuchongwa na zile sanamu tatu za wafalme walio nusu watu, nusu ndege, simba na papa, vilirudi Cotonou tarehe 10 Novemba 2021 kwa sheria iliyopitishwa na bunge la Ufaransa mwaka uliotangulia. Mati Diop aliifanyia safari hiyo filamu iitwayo Dahomey, iliyopata tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2024, ambamo sanamu ya Guézo hupewa sauti na wanafunzi wa chuo kikuu hubishana kama vitu 26 ni heshima au ni dhihaka. Sanamu ya chuma ya Gu, mungu wa vita na wahunzi, haikuwa miongoni mwa vilivyorudi.

Kijiji cha Ganvié ni jawabu la upande wa pili, wa wale waliowindwa. Katika ziwa Nokoué, kaskazini ya Cotonou, Watofinu waliowakimbia watekaji wa Dahomey walijenga nyumba zao juu ya nguzo katikati ya maji, kwa kuwa, kama isimuliwavyo, dini ya Wafon iliwakataza askari wao kupigana majini. Hata leo maelfu ya watu huishi humo, soko ni mitumbwi, na uvuvi wao ni wa akili: huchomeka matawi mengi ziwani yakawa kama boma, samaki wakaingia kula na kuzaliana, na baada ya miezi boma huzungushiwa wavu. Wageni wengi huja wakapiga picha wakaondoka, na wenyeji huficha nyuso zao. Msomaji akienda aombe ruhusa kwanza, wala asione ajabu akikataliwa.

Porto-Novo huonwa kama mji wa usingizi, nami niliupenda kwa hilo. Upo humo msikiti mkubwa ambao mtu akiutazama kwa mbali atadhani kanisa la Bahia, kwa sababu walioujenga walikuwa wazao wa watumwa waliorudi kutoka Brazili na ufundi wao wa uashi. Baadhi ya mababu wa jamii hiyo walikuwa Waislamu waliofukuzwa baada ya uasi wa Bahia wa mwaka 1835. Kuhusu kaskazini nitasema machache: hifadhi ya Pendjari ina simba na tembo, na karibu na Natitingou ziko nyumba za Wabatammariba zilizo kama ngome ndogo za udongo za ghorofa, ambazo upande wa Benin uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2023, lakini tangu 2019 makundi yenye silaha yamekuwa yakivuka mipaka ya huko, na hadhari inataka mtu aulize kabla ya kununua tikiti.

Mwenye pasi ya nchi ya Kiafrika huingia Benin bila ya viza, ilhali mimi, niliyebadilisha yangu kwa ya Kijerumani, nililipa. Chakula hakitakushinda: ugali wao uliopikwa kwa mchuzi wa nyanya, amiwo, huliwa na kuku, na jibini ya Wafulani, wagasi, hukaangwa ikaliwa na pilipili. Na ukimsikia Angélique Kidjo, mzaliwa wa Ouidah, redioni, usishangae akiimba Malaika kwa Kiswahili. Aliurekodi wimbo huo mwaka 1991.

Siku ya mwisho nilipita soko la Ouidah, penye mama auzaye vitu vya ibada, na mbele yake palikuwa na ungo wa kauri. Nikachambua, nikatenga pembeni zenye pete ya manjano, nikapata saba. Nikamwomba kijana aliyenifuata anifasirie kwa Kifon kwamba hizi saba asili yake ni kwetu, zilivuliwa na bibi za bibi zetu. Mama akanisikiliza hata mwisho, akazitazama zile saba, kisha akanitajia bei ile ile aliyomtajia Mfaransa aliyesimama kando yangu.