Kuitembea Bukoba kwa Miguu

Mtu atokaye Kimuli, huko wilayani Kyerwa ambako migomba na mibuni imevifunika vilima, aghalabu huifika Bukoba kwa haja tu: ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali, au hati ya kutiwa muhuri, au jamaa wa kumpokea gatini, na haja hiyo ikiisha hurejea stendi kwa haraka, akapanda gari la kupitia Kyaka na Omurushaka, akawa ameufika mji wa bandari asiuone. Makala haya yaandikwa kwa ajili yake, kwa sababu rai yangu ni kwamba bandari ile ni yake kama ilivyo ya wakazi wa Bilele na Kashai, na kwamba hapana njia ya kuijua ila kuitembea kwa miguu, tangu alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Hapo kale lango la watu wa Karagwe, ufalme wa upande huo wa Kimuli, halikuelekea majini. Mfalme Rumanyika, aliyewakirimu wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861, alipata bidhaa za pwani kwa misafara iliyokuja nchi kavu kutoka Unyanyembe, na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, ndani ya milki yake. Emin Pasha alipoweka kituo cha Kijerumani Bukoba mwezi Novemba 1890, na hususan baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, ndipo njia ya biashara ilipogeuka ikashika ziwa: ngozi na kahawa ya maganda kutoka vibanjani zikawa zikiteremka ufukweni, zikapakiwa melini, zikavushwa mpaka Kisumu, na huko zikapokewa na garimoshi. Kwa hiyo sehemu ya mali iliyoujenga mji huu ilitoka migongoni mwa wazee wa bara, na mjukuu wao apitapo barabarani hana sababu ya kujiona mgeni.

Na tuanzie gatini, upande wa kusini wa mji. Afadhali kufika asubuhi ambayo meli ya Mwanza, iliyosafiri usiku kucha, inatia nanga. Maana saa hiyo makuli, wachuuzi wa ndizi, na jamaa waliokuja kupokea wageni wao huijaza bandari, na mtu huona kwa macho yake namna mikoa miwili inavyolishana. Meli yenyewe ina historia ya kuheshimiwa: iliundwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961 kwa jina la Victoria, na baada ya kukarabatiwa ilirudi majini mwaka 2020. Lakini hapana mtu mwenye moyo awezaye kusimama hapa bila kuikumbuka MV Bukoba, iliyong'oa nanga katika bandari hii, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka karibu na Mwanza, ikaangamiza watu zaidi ya 800. Mkoa mzima uliingia matangani, na zipo nyumba ambazo hata leo huutaja mwezi huo kwa sauti ya chini. Mtembezi na asimame kidogo, awaombee rehema, kisha aendelee.

Kutoka gatini kipande cha mlima humpandisha mtu hadi Bunena, penye misheni kongwe ya Wakatoliki. Huko juu ndiko ziwa linakodhihirika kwa ukubwa wake, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na kisiwa cha Musira husimama mbele ya mji na majabali yake, kana kwamba ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Nawasihi wanaokuja na watoto wasiuache mlima huu, kwani mtoto aliyezoea kuona vilima vikifungamana mpaka mwisho wa macho hupata hapa fundisho la upana ambalo kitabu cha jiografia hakiwezi kumpa.

Ukishuka na kuushika ufuko kuelekea kaskazini, utayapita makaburi ya Wajerumani, Lake Hotel, na jengo la kale liitwalo Duka Kubwa. Hapa ndipo vita vya wageni vilipotua tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walipovuka kutoka Kisumu, wakateka mji, wakauangusha mnara wa simu ya upepo, wakapora maduka na nyumba, kisha wakarudi zao. Mbele kidogo, mto Kanoni ukimiminika ziwani, kipo kiwanja cha ndege, na karibu yake kijiji cha wavuvi cha Nyamukazi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka majini, watu 19 walifariki, na waliowahi kuwafikia waliosalimika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao. Fahari hiyo yastahili kuandikwa mahali panapoonekana.

Katikati ya mji pana Kanisa Kuu alimolazwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupewa ukardinali, mwaka 1960. Na aliyejaliwa kuja Novemba, wakati wa senene warukiao taa usiku, asirudi kabla ya jioni.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilizibomoa nyumba nyingi za mkoa huu na kuzitia nyufa nyingine nyingi, na kila jengo la kale lililosalia limezidi thamani. Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba iihifadhi njia ya ufukweni, kutoka gatini hadi Nyamukazi, ibaki wazi kwa kila mwananchi, na iweke vibao vya Kiswahili penye Duka Kubwa, penye makaburi, na penye uwanja wa vita vya 1915. Na walimu wa Kimuli nawaomba wawalete wanafunzi wao, wawashushe gatini, na wawatembeze kwa miguu.