Majani ya Muhogo Yanapojikunja

Katika nyumba nyingi za Kisangani siku haipiti bila muhogo. Asubuhi watoto hula kipande cha kwanga kabla ya kwenda shule; jioni mama husonga bugali, na kando yake huweka sombe iliyotwangwa vizuri na kutiwa mawese. Mmea mmoja watulisha kwa mizizi yake na kwa majani yake. Basi muhogo ukiugua, nyumba nzima huugua pamoja nao: chakula hupungua chunguni, na fedha ya karo, ambayo wazazi wengi huipata kwa kuuza mihogo sokoni, hupungua pia.

Twaandika habari hizi kwa sababu ya jambo ambalo wakulima wengi wa njia ya Buta, wa njia ya Ituri, na wa ng'ambo ya mto katika Lubunga, wamekwisha kuliona. Mihogo imeota vizuri, mvua imenyesha, palizi imefanyika. Lakini majani machanga yajikunja na kupindika, nayo hayakui. Mwenye shamba husimama akashangaa. Mmoja humwambia kwamba ni jua. Mwingine humwambia kwamba udongo umechoka. Wa tatu hunong'ona kwamba jirani ana kijicho, na tangu siku hiyo nyumba mbili hazisalimiani tena. Sisi twasema: kabla ya kumshtaki mtu yeyote, tuuchunguze mmea wenyewe, maana jani halijui kusema uwongo.

KILA UGONJWA UNA ALAMA YAKE

Majani ya muhogo huharibika umbo kwa sababu mbalimbali, na kila sababu huacha alama yake. Mwenye macho ya kuangalia ataitambua.

Kwanza, jua kali. Saa za adhuhuri majani huinama na kulegea, lakini rangi yake ni ile ile ya kijani, na jioni husimama tena. Huo si ugonjwa. Mmea wajikinga tu usipoteze maji. Tena hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua hunyesha kila mwezi wa mwaka, ijapokuwa hupungua mwanzoni mwa mwaka na katikati yake. Kwa hiyo muhogo ambao majani yake yamejikunja asubuhi na jioni, siku baada ya siku, haufai kusemwa kwamba una kiu tu.

Pili, vidung'ata. Hao ni wadudu wadogo walao utomvu wa mmea, nao wamefunikwa na kitu cheupe kama unga. Hukaa kwenye ncha ya shina na chini ya majani. Ncha ya mmea hufupika, majani yake hukusanyika pamoja na kujikunjakunja kama kichwa cha kabichi. Ukikifunua kichwa hicho utawaona wadudu wenyewe.

Tatu, utitiri wa kijani. Huyu ni mdogo mno, hata ni vigumu kumwona kwa macho. Majani ya juu hupata vitone vidogo vya manjano, huwa membamba, kisha hupukutika, na ncha ya shina hubaki imesimama uchi kama mshumaa. Ubaya wake huzidi wakati mvua zinapopungua.

Nne, ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania huuita batobato. Huu ndio mwizi mkubwa. Jani huwa na mabaka ya manjano au ya kijani kilichofifia, yaliyochanganyika na kijani cha kawaida. Vidole vya jani havilingani: kimoja kirefu, kingine kifupi, vingine vimepindika. Mmea hudumaa. Hakuna unga mweupe, wala majani hayasimami vizuri jioni. Ukiona mabaka pamoja na kupindika, shuku batobato.

UGONJWA WA SIKU NYINGI

Batobato si jambo jipya. Katika mwaka 1894 mtaalamu wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika habari zake kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Jina alilolitumia kwa lugha yake lilikuwa na maana ya ugonjwa wa kujikunja, kwa kuwa hiyo ndiyo alama iliyomgusa kwanza. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16. Lakini batobato haijulikani huko ulikotoka. Mgeni aliukuta ugonjwa huku Afrika. Hata leo virusi vyake huweza kukaa katika mimea mingine: katika mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba wamevikuta Yangambi katika mimea miwili itambaayo ya jamii ya kunde.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya aina kali zaidi ilizuka nchini Uganda. Wakulima wengi waliacha kupanda muhogo kabisa, na katika sehemu zilizoutegemea njaa iliingia. Katika miaka ya 1990 ilivuka mipaka ikafika Kenya na Tanzania, kisha ikaenea katika nchi nyingine jirani, na Congo yetu haikusalimika. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba majani yaliyojikunja ni haya ya shamba lake peke yake, wala kwamba jirani ndiye aliyeyaloga. Ni adui wa mataifa mengi.

MILANGO MIWILI

Batobato huletwa na virusi, nayo huingia shambani kwa milango miwili tu.

Mlango wa kwanza ni kipande cha kupanda. Muhogo hatuupandi kwa punje bali kwa shina, na shina lililokatwa kwenye mmea mgonjwa huchukua ugonjwa wote ndani yake. Mlango wa pili ni nzi weupe. Hao ni wadogo sana, hukaa chini ya majani machanga, na ukiutikisa mmea huruka kama vumbi jeupe. Akinyonya mmea mgonjwa, kisha akaenda kunyonya mzima, ameupanda ugonjwa.

Je, utajuaje ni mlango upi uliofunguka? Tazama majani kuanzia chini kwenda juu. Ikiwa jani la kwanza kabisa, lile lililo karibu na ardhi, lina mabaka na limepindika, basi ulipanda kipande kigonjwa. Ikiwa majani ya chini ni mazuri na ya juu tu ndiyo yaliyoharibika, basi kipande kilikuwa kizima, na nzi ndiye aliyeuleta ugonjwa baadaye. Kujua hivi kwafaa sana. Muhogo ulioanza maisha yake na ugonjwa huzaa mizizi michache na midogo. Ule ulioambukizwa ukiwa umekwisha kukomaa huweza kuzaa karibu kama mzima.

TUFANYE NINI?

Twasikitika kusema kwamba hakuna dawa iwezayo kuuponya mmea wenye batobato. Majivu hayauponyi, mbolea haiuponyi, wala dawa ya kunyunyiza. Lakini kuna matunzo yanayouzuia ugonjwa, na karibu yote hayadai fedha bali bidii.

Chagua mbegu mapema. Wengi wetu hukosa hapa. Tunangoja mpaka siku ya kuvuna, mashina yamelala chini bila majani, ndipo tunapoyakata vipande. Shina lisilo na majani haliwezi kukuambia habari zake. Yafaa upite shambani mihogo ikiwa bado na majani mengi, uifunge kamba au kitambaa ile mizima tu, na siku ya kupanda ukate kwa hiyo peke yake. Mmea uwe na umri wa miezi minane hadi kumi na minane. Kipande kiwe na urefu wa sentimeta 20 hadi 30, chenye macho matano au zaidi.

Ng'oa mapema. Katika miezi miwili ya kwanza pita kila juma. Mche wenye mabaka na majani yaliyopindika ung'oe, uuchome au uufukie, kisha upande mwingine mzima mahali pake. Twajua kwamba mkono husita kung'oa kitu kilichoota. Lakini mche huo ukiuacha, utakula nafasi na jasho lako mwaka mzima, nao utawalisha nzi watakaoambukiza mingine. Muhogo uliougua ukiwa mkubwa, uache ukomae ule mizizi yake. Ila shina lake usilipande kamwe.

Usipande karibu na shamba la zamani lililojaa ugonjwa. Na ikiwa mihogo karibu yote ya mtaa imeugua, kung'oa peke yako hakutoshi. Hapo hapana budi majirani wapatane na kutafuta kwa pamoja mbegu zinazostahimili.

Mbegu hizo zipo, na historia yake ni nzuri. Tangu miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, wataalamu waliuchanganya muhogo na ndugu yake, mti wa muhogo wa mpira, ili kupata mmea wenye nguvu. Baadhi ya vizazi vya kazi hiyo vilipelekwa Nigeria, na huko Ibadan chuo cha utafiti cha IITA, kilichoanzishwa mwaka 1967, kikavitumia kuzaa mbegu nyingine nyingi. Katika nchi yetu IITA hufanya kazi pamoja na INERA. Nayo INERA ina kituo Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini kwetu ukifuata mto kwenda chini, mahali ambapo utafiti wa kilimo ulianza tangu wakati wa INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Mwenye shida na aulize huko, au kwa wataalamu wa kilimo walio karibu naye.

Kuhusu vidung'ata, tusiwe wepesi wa kununua sumu. Wadudu hao walionekana katika nchi za Congo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaharibu mihogo mingi. Ndipo Hans Herren, mtaalamu wa Uswisi, pamoja na wenzake wa IITA, walipowaleta nyigu wadogo kutoka Amerika ya Kusini ambao huwaua vidung'ata. Tangu mwaka 1981 nyigu hao walianza kuachiliwa Afrika, wakaenea katika nchi nyingi, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Anayenyunyiza sumu ovyo huweza kuwaua hao wasaidizi wetu pamoja na maadui.

KAZI KWA WANAFUNZI

Ninyi wanafunzi mwaweza kuwasaidia wazazi wenu kwa daftari na kalamu. Ingieni shambani kutoka pembe moja mpaka pembe inayoelekeana nayo, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa pembe mbili zilizobaki, kama mnaoandika herufi X. Njiani chagueni mihogo 30. Kila mmoja uandikieni: mzima au mgonjwa, na kama ni mgonjwa, je, majani ya chini yameharibika au ya juu tu? Wataalamu nao hupima mashamba kwa namna hiyo. Jioni msomeeni baba na mama hesabu yenu.

Jambo moja zaidi wazazi huuliza: je, sombe ya muhogo wenye batobato yadhuru? La, virusi hivyo ni vya mimea, havimwingii mtu. Ila majani mazima ni mengi na makubwa zaidi. Na tusichume kupita kiasi, kwani muhogo unaovuliwa majani yote hauna cha kuinenepesha mizizi yake.

Kwetu ni desturi njema kumpa ndugu au mkwe mzigo wa mashina ya kupanda. Mzigo huo hufungwa juu ya baiskeli, huvushwa kwa mtumbwi, hufika mbali. Desturi hii tuishike. Lakini kabla ya kukifunga kifurushi, tuwe tumeyatazama majani ya kila mmea tuliomkatia, ili zawadi yetu iwe chakula kwa watoto wake, isiwe ugonjwa wa shamba lake.