Asubuhi ya Mirihi Katika Daftari la Kiingereza

"I wake up at six o'clock. I brush my teeth. I take breakfast. I go to school." Mwalimu yeyote wa Kiingereza katika sekondari za Afrika Mashariki anaijua insha hii kwa moyo. Madaftari arobaini, insha moja. Hata mtoto aliyetoka nyumbani bila kuweka kitu tumboni huandika kwamba amekunywa chai, kwa kuwa sentensi hiyo ilikuwa ubaoni mwaka jana.

Kosa si lake. Ametakiwa amweleze mwalimu jambo ambalo mwalimu analijua tayari, basi atafute neno jipya la nini?

N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa kufundisha Kiingereza kusini mwa India kati ya 1979 na 1984, alitaka kila kazi ya darasani iwe na pengo la kuzibwa kwa lugha. Pengo alilolipendelea zaidi ni la kufikiri: mwanafunzi apewe taarifa chache, azipime, atoe humo jambo ambalo hakuambiwa. Kumwandikisha mtoto siku yake ya kawaida katika sayari nyingine kunafaa hapo hasa, mradi sayari iwe ya kweli. Akiachiwa abuni ya kwake, ataleta mazimwi yenye macho matatu, na penye mazimwi kila kitu kinawezekana, hakuna cha kupima.

Mirihi inabana. Hewa yake ni nyembamba mno, na takriban asilimia 95 ni kaboni dayoksaidi. Wastani wa baridi ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiuinua kule utauona kama wa kilo 19. Ujumbe wa redio kutoka huko hadi Duniani huchukua dakika 3 hadi 22, kutegemea umbali wa sayari hizo mbili, kwa hiyo kupiga simu na kujibizana na mama hakuwezekani. Na jua linapotua, anga inayolizunguka huwa ya buluu.

Sasa mtoto aandike. Tuseme ameanza hivi: "I am waking up and I am opening the window." Dirisha litamuua, na wenzake watamwambia kabla ya mwalimu. Lakini tazama vitenzi. Kiambishi -na- cha Kiswahili hubeba mambo mawili: "ninavaa" ni la sasa hivi na pia ni la kila siku, na mwanafunzi huhamisha mzigo wote huo hadi kwenye "I am wearing". Katika insha ya nyumbani kosa hili halimsumbui mtu, maana msomaji anajua watu huvaa nini. Kwenye Mirihi msomaji hana pa kushika. "I wear a mask in my bedroom" ni maisha ya pale. "I am wearing a mask in my bedroom" huenda ni ajali, hewa inavuja. Mtoto anayetaka kueleweka atalazimika kuchagua.

Na kipimo cha kuchagulia anacho mdomoni tangu utotoni. Jambo linaloweza kusemwa kwa hu-, kama "Asha hunywa chai", kwa Kiingereza ni "Asha drinks tea". Lile la "anakunywa sasa hivi" ndilo la "is drinking". Inasikitisha kwamba katika madarasa mengi Kiswahili kimepigwa marufuku wakati wa somo, na kipimo hiki kinabaki nje ya mlango.

Saa nazo zina somo lake. Mswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza, ndiyo maana wengi huandika "twelve o'clock" wakikusudia alfajiri. Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35, na wanasayansi huiita "sol". Roboti ya utafiti iitwayo Curiosity ilipotua Mirihi Agosti 2012, wahandisi wake wa Marekani waliishi kwa saa za Mirihi kwa takriban miezi mitatu, zamu zao zikisogea mbele dakika 40 hivi kila siku. Katika misheni za namna hiyo watu walianza kusema "tosol" badala ya "today" na "yestersol" badala ya "yesterday". Darasa likipewa maneno haya mawili, litaunda mengine lenyewe.

Hata "the", kineno kinachowatesa wanafunzi kuliko vyote, hupata maana. Watu husema "the moon" kwa kuwa mwezi wa Dunia ni mmoja. Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos, kwa hiyo "the moon" itazua swali: upi? Phobos huizunguka sayari kwa saa 7 na dakika 39, upesi kuliko Mirihi inavyojizungusha, hivyo huchomoza magharibi na kutua mashariki. Mtoto atalieleza hilo bila kukariri chochote.

Anayeona huu ni mchezo wa kitoto akumbuke watu wanne waliojifungia kwenye makazi ya kuigiza Mirihi huko Houston kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, siku 378, wakilima mboga na kusubiri ujumbe uliocheleweshwa makusudi. Maisha ya kila siku ndiyo yaliyokuwa utafiti wenyewe.

Mwalimu, kazi hii haidai kompyuta wala vitabu vipya. Andika taarifa sita za Mirihi ubaoni, wape wanafunzi dakika kumi wabishane wawili wawili, kwa Kiswahili wakitaka, kisha waandike aya moja tu. Unaposahihisha, kalamu nyekundu isubiri. Kwanza uliza pembeni mwa daftari: "How do you breathe here?" Mwachie mtoto nafasi ya kujibu, halafu ndipo umrudishe kwenye vitenzi.