"Presha iko kwa damu": Kauli ya mtaani na sayansi ya methili

Juzi jirani yangu hapa Amalemba, mzee aliyestaafu, aliniambia ameacha kumeza tembe za presha. "Mwalimu, hii kitu iko kwa damu yetu. Baba alikuwa nayo, babu pia. Sasa dawa itabadilisha damu aje?"

Kisarufi ningemrekebisha: presha imo damuni. Lakini kosa lililonitia wasiwasi halikuwa la ngeli wala la kihusishi. Kitu "kuwa kwa damu" katika usemi wetu ni kukirithi, na tulichokirithi tunakichukulia kana kwamba hakina la kufanywa.

Wataalamu wa epijenetiki nao huchunguza damu, ila wanatafuta jambo jingine. Seli nyeupe za damu, sawa na seli nyingine nyingi mwilini, zina DNA, yaani maandishi ya urithi. Juu ya herufi mojawapo ya maandishi hayo, sitosini, mwili hubandika kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili: kaboni moja na haidrojeni tatu. Kitendo hicho ndicho umethilishaji. Aliyewahi kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu atanielewa upesi. Herufi hubaki zile zile. Irabu huonyeshwa kwa alama za juu na chini, na ukiweka sukuni, herufi haisomwi kwa irabu yoyote. Methili aghalabu hufanya kazi kama sukuni hiyo: jeni ipo, haijafutwa, ila imenyamazishwa. (Si kila mara, inategemea ilipobandikwa.)

Alama hizi huathiriwa na maisha. Mfano ulio wazi zaidi ni sigara. Katika damu ya mvutaji, methili hupungua kwenye jeni iitwayo AHRR. Akiacha kuvuta, hurejea polepole. Unene, mafuta ya damu, presha na kisukari, mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya moyo, pia yamehusishwa na alama kadhaa.

Neno "yamehusishwa" lisomwe kwa makini, maana tunapenda mno kuligeuza "yamesababishwa". Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba alama nyingi zinazoandamana na unene ni matokeo ya unene huo, wala si chanzo chake. Tena damu si moyo. Seli za kila kiungo zina mpangilio wake wa alama.

Nilimpa mzee mfano wa karibu. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa 1990: presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi, dalili ya chumvi. Methili haikupimwa. Lakini watu hao hawakubadilisha babu zao walipopanda basi.

"Kwa hivyo si ya ukoo?"

Ni ya ukoo pia, nikamjibu, na ni ya chumvi, na ya sigara. Tembe nazo hazina haja ya kubadilisha damu. Zinashusha presha, hiyo ndiyo kazi yake.

Akataka kujua kama alama hizo hupimwa hospitalini. Nikamwambia bado ni kazi ya maabara za utafiti. Huku kwetu inapimwa presha yenyewe. Tumekubaliana kwenda Jumatatu, yeye na mimi. Yangu sijaipima tangu Krismasi.