Picha nzuri ya mlima isikugharimu uhai

MSOMAJI, huenda unaishi Muthurwa, ambako asubuhi huamshwa na honi za matatu na kelele za soko. Umechoka na moshi, una kamera, na sasa umeamua kwenda kupiga picha katika bonde la Teleki, Mlima Kenya, ambako mto Naro Moru huanzia chini ya vilele vya Batian na Nelion. Ni wazo zuri. Kutembea ni dawa. Lakini kabla hujapanda gari, yajue mambo machache.

Ugonjwa wa mwinuko

Muthurwa iko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Mackinder, ambako wengi hulala bondeni, iko karibu mita 4,200. Huko, kila pumzi ina karibu asilimia 60 tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa. Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji siku kadhaa.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na kukosa usingizi. Vijana wenye nguvu hawasazwi, hasa wakipanda mbio. Ukiziona dalili hizi, usipande zaidi. Ukianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umeketi, huenda ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Teremka mara moja, hata kama ni usiku, na usiachwe uteremke peke yako.

Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Met Station, karibu mita 3,050, hadi Mackinder ni zaidi ya mita 1,000, na wengi huzimaliza kwa siku moja. Afadhali ulale Met Station usiku wa ziada.

Kungoja mwanga

Hapa ndipo mpiga picha hujiponza. Mchana, mara nyingi mawingu hufunika vilele. Jioni yakifunguka, jua linalotua hupaka majabali rangi ya dhahabu kwa dakika chache tu, maana kwenye Ikweta giza huingia upesi. Ili usizikose dakika hizo, utasimama muda mrefu na nguo zilizolowa jasho na maji ya kinamasi, huku baridi ikikaribia kugandisha maji. Badilisha fulana kwanza, kisha uvae kofia na glavu. Ukitetemeka sana na ulimi ukawa mzito, funga kamera, vaa nguo kavu na unywe kitu cha moto.

Asubuhi jua huchomoza nyuma ya vilele. Usilitazame kupitia lenzi, kwani laweza kuchoma jicho lisipone. Miale yake inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hivyo miwani ya jua si mapambo.

Maji ya mto yanang'aa, lakini yachemshe.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu, pamoja na mama mjamzito, amwone daktari kwanza. Ukikosa picha leo utarudi siku nyingine. Uhai ukiuacha mlimani, hakuna wa kukurudishia.