Gemu 1,700 kwa Dola 5, na Kodi ya Kila Mwezi

Juni 2020, siku chache baada ya polisi kumuua George Floyd kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago Avenue hapa Minneapolis, duka la mtandaoni la itch.io lilitangaza kifurushi kimoja kikubwa mno. Ukilipa dola 5 au zaidi, unapewa gemu, vitabu vya michezo ya mezani na vifaa vya kutengenezea gemu, jumla yake zaidi ya 1,700. Kimoja kimoja, vingekugharimu zaidi ya dola 9,000. Watengenezaji zaidi ya 1,000 walitoa kazi zao bila kudai senti. Watu zaidi ya 800,000 walinunua, na zaidi ya dola milioni 8 zikagawanywa kati ya mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP na mfuko wa kuwalipia dhamana watu waliokamatwa.

Naanza na kifurushi hiki kwa sababu thamani yake ilikuwa wazi hata kwa mtu ambaye hakufungua gemu hata moja. Pesa ilikuwa na safari yake na kila mnunuzi aliijua. Lakini iondoe ile sababu njema, kibaki kifurushi peke yake, ndipo swali la mnunuzi wa kawaida linapokuja: vitu 1,700 kwa dola 5 ni nafuu kweli?

Ni nafuu, ila si kwa sababu ya hesabu ya vitu. Ndani yake mlikuwa na A Short Hike, Night in the Woods na Celeste, gemu ambazo bei ya kawaida ya kila moja ni zaidi ya dola 5. Aliyekuwa akiitaka mojawapo alirudisha pesa yake palepale. Zilizobaki zilikuwa nyongeza. Mtu akiamua kujaribu kitu kimoja kila jioni bila kupumzika, atamaliza orodha ile baada ya zaidi ya miaka minne, na sehemu kubwa ya muda huo atakuwa anachambua, hachezi. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu kifurushi chochote, cha itch.io au cha Humble Bundle iliyoanza mwaka 2010 kwa mtindo wa kulipa unachotaka, huuliza kwanza: ipo gemu gani humo ambayo ungeinunua hata kama isingekuwa kwenye ofa? Kama ipo, na bei ya kifurushi haizidi bei yake, nunua bila wasiwasi. Kama haipo, punguzo la asilimia 90 bado ni pesa iliyotoka mfukoni kwa kitu usichokitaka.

Jambo la pili la kuangalia ni kile unachokabidhiwa. Gemu za itch.io kwa kawaida ni faili unazopakua na kuzihifadhi unakotaka, hazina kufuli. Vifurushi vingine hukupa namba ya kuingiza kwenye akaunti ya Steam, na gemu huishi humo kwenye akaunti. Hilo nalo si baya, mradi unajua umenunua nini.

Miji hii pacha, Minneapolis na Saint Paul, imewahi kuwa na mpango mzuri wa punguzo, na nausikitikia hadi leo. Best Buy, kampuni iliyoanzia Saint Paul mwaka 1966 kama duka la vifaa vya sauti na sasa ina makao yake makuu Richfield, ilikuwa na klabu ya wapenzi wa gemu. Ulilipa dola 30 kwa miaka miwili, kisha kila gemu mpya ukapunguziwa asilimia 20. Kwa gemu ya dola 60 hiyo ni dola 12. Ukishanunua ya tatu, ada yote imerudi na faida imeanza, na gemu ni yako, ipo kwenye rafu yako, unaweza kumuazima jirani au kuiuza. Mei 2018 kampuni ikaacha kupokea wanachama wapya. Mpango ule ulimlipa mtu ambaye tayari alikuwa mnunuzi. Haukumtaka anunue zaidi ya alivyokusudia. Mipango ya sasa inafanya kazi kinyume na hapo.

Tuchukue Xbox Game Pass, usajili wa kila mwezi unaokufungulia maktaba ya gemu. Ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Oktoba 2025 ngazi yake ya juu, Ultimate, ilipandishwa kutoka dola 19.99 hadi 29.99. Minnesota hutoza kodi ya mauzo hata kwa gemu za kidijitali, na Saint Paul kodi hiyo ni asilimia 9.875. Kwa bei hiyo benki ilikata karibu dola 33 kila mwezi, au dola 395 kwa mwaka. Minneapolis ilikuwa pungufu kidogo, na bado mtu aliyelipwa kima cha chini cha jiji kwa mwaka 2025, dola 15.97 kwa saa, alifanya kazi zaidi ya saa mbili kabla ya makato ili alipie mwezi mmoja. Gemu mpya kubwa ni kama dola 70. Kwa bei ile, Ultimate kwa mwaka ni sawa na gemu tano za namna hiyo. Nyumba inayomaliza gemu mpya sita au saba kwa mwaka inapata faida. Je, nyumba hiyo ni yako?

Dada mmoja wa Brooklyn Park, anayefanya kazi ya kutunza wazee na mara nyingi huunganisha zamu mbili, alinipa simu yake siku moja. "Kaka, hebu niangalizie hii, mbona pesa inatoka tu?" Kwenye taarifa ya benki kulikuwa na makato ya huduma mbili za gemu za kampuni mbili tofauti. Moja ilianza kama ofa ya majaribio, muda ukaisha, kadi ikaendelea kukatwa. Nyingine ilikuwa ya ngazi ya juu kabisa. Mwanawe ana miaka 13. Nilimuuliza kijana anacheza nini. "Fortnite, anko, na mpira." Basi.

Fortnite ni bure, na kuicheza mtandaoni hakuhitaji usajili wowote, iwe kwenye Xbox au PlayStation. Kwa mpira, yaani EA Sports FC, kucheza na wenzake mtandaoni kunahitaji usajili, lakini ngazi ya chini kabisa inatosha, na kwa Xbox hiyo ni dola 9.99. Toleo la mwaka la mpira nalo huingia kwenye huduma hizi miezi kadhaa baada ya kutoka, wakati kijana alishalitaka tangu siku ya kwanza na mama alishalinunua. Mama yule alikuwa analipia maktaba ya mamia ya gemu kwa ajili ya mtoto anayecheza mbili.

Sisemi usajili ni wizi. Kuna kipindi una thamani, na wakazi wa hapa wanakijua. Kuanzia Desemba hadi Machi kuna siku ambazo shule zinafungwa kwa baridi na mtoto hawezi kukaa nje hata robo saa. Nyumba yenye watoto watatu wenye ladha tofauti, ambao wanajaribu gemu, wanaichoka, wanahamia nyingine, itafaidi huduma ya ngazi ya kati kuliko kununua kila gemu. Ichukue kwa mwezi mmojammoja, hata kama bei ya mwaka mzima inaonekana nafuu, na theluji ikianza kuyeyuka ikate. Ni kama bando la simu kule nyumbani: zuri ukilitumia, na MB zilizobaki muda ukiisha hakuna anayekurudishia.

Kuhusu kujitoa, sheria iko upande wa mteja kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Januari 1, 2025, sheria ya Minnesota ya malipo yanayojirudia yenyewe inamtaka muuzaji aeleze masharti waziwazi, apate ridhaa yako, na akuwekee njia rahisi ya kujitoa. Serikali kuu ilikuwa na kanuni yake. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliipitisha Oktoba 2024, ikitaka kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, inayoihusu Minnesota na yenye ukumbi hapa Saint Paul, iliifuta Julai 8, 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu, kwa kuwa tume iliruka hatua ya uchambuzi wa athari za kiuchumi. Sheria ya jimbo ikabaki. Mama wa Brooklyn Park alijitoa kwenye huduma zote mbili akiwa amekaa kwenye kochi, kisha akachukua ile ya dola 9.99.

Linalonigusa zaidi ni kinachobaki malipo yanapokoma. Mwaka 1971 wanafunzi watatu wa ualimu hapa Minneapolis, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walitengeneza The Oregon Trail, mchezo wa kuwafundisha watoto historia ya walowezi waliosafiri kwa magari ya kukokotwa kwenda magharibi. Haukuwa na skrini. Watoto waliandika kwenye mashine na majibu yakachapwa kwenye karatasi. Muhula ulipokwisha, Rawitsch alichapa programu yote kwenye karatasi na kuifuta kwenye kompyuta. Mwaka 1974 aliajiriwa na MECC, shirika la kompyuta za elimu lililoanzishwa na jimbo la Minnesota, akaketi na zile karatasi na kuiandika upya. Bila nakala ile mkononi mwake, mchezo uliochezwa na kizazi kizima cha Wamarekani ungepotea.

MECC nayo iliuza kwa ada ya mwaka. Wilaya za shule nje ya Minnesota zililipa na kupata haki ya kunakili programu zake kwa kadiri zilivyohitaji. Lakini diski zilikaa kabatini shuleni, na hakuna aliyeweza kuzizima kutoka mbali. MECC ilinunuliwa mwaka 1996 na kufungwa 1999. Diski ziliendelea kufanya kazi.

Toleo jipya la The Oregon Trail lilipotoka Aprili 2021, lilipatikana kwa waliolipia Apple Arcade peke yao. Novemba 2022 likaanza kuuzwa kwa Nintendo Switch na kompyuta. Ni gemu ambayo mtoto huicheza, akashindwa, akaiacha, akairudia mwaka unaofuata akiwa na akili zaidi. Gemu ya namna hiyo, mimi ningemnunulia.